Barua kwa somo yangu wa Arua

Jinja, Jumapili jioni

Somo yangu,

Salaam nyingi. Barua yako ilinifikia pamoja na kopo la siagi ya karanga, na kopo limekwisha kabla sijapata nafasi ya kujibu. Umeniuliza kama ni kweli nilikubali Bismarck, yule kansela wa Ujerumani, afutwe kwenye historia ya kidato cha tano na cha sita, mimi niliyekuwa nikimwiga chuoni kwa masharubu ya mkaa. Uongo. Nilisema apunguziwe vyumba, asifukuzwe nyumba nzima. Wanafunzi wangu wanazitaja vita zake tatu, 1864, 1866 na 1870, kama wanaovuta tasbihi, lakini ngome ya Luba, yule chifu wa Kisoga, iliyoko huku kwetu Busoga, mwendo wa asubuhi moja kwa taksi, hawajapata kuisikia.

Kwa kweli ni ngome hiyo iliyoniingiza matatani kikaoni. Ngoja nikueleze.

Unajua hawa waliopanda kidato cha tano mwaka 2025 ndio wa kwanza wa mtaala ule ulioanza 2020, wakafanya mtihani wao wa kidato cha nne 2024. Ni watu wengine kabisa. Sisi tulipewa noti tukashukuru. Hawa wanauliza noti zimetoka wapi. Basi nilikuwa nafundisha maasi ya 1897, askari wa Kisudani, wale ambao Lugard, kapteni wa Kiingereza, aliwakusanya magharibi ya Ziwa Albert mwaka 1891, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri huko kusini mwa Sudan. Nikasema kama kitabu kisemavyo: waliasi huko Eldama Ravine, leo ni Kenya, walipoamriwa kumfuata Meja Macdonald safari ya kaskazini, wakarudi hadi kwa Luba, wakamwua Meja Thruston na Wazungu wawili wengine.

Msichana mmoja, Mnubi, yaani wa kizazi cha askari hao hao, akanyosha mkono. "Mwalimu, bibi yangu anasema hawakuasi. Walichoka." Akaeleza kwa utulivu: vita baada ya vita bila kupumzika, mshahara mdogo tena umecheleweshwa miezi, na sasa wanaambiwa waondoke tena bila wake zao. Darasa likanyamaza. Kisha kijana wa Kiganda wa nyuma akasema kwao wanahesabu mazishi, kwa sababu ngome ile ilizingirwa na Waganda kwa maelfu wakiwa upande wa Waingereza, na risasi za waliochoka hazikuwachagua. (Hata Pilkington, yule aliyeifasiri Biblia kwa Kiganda, aliangukia pale Desemba 1897.) Nikadhani tumefika mwisho. Hapo Msoga wangu mmoja, mtoto asiyesema neno muhula mzima, akauliza: "Na migomba waliyokuwa wakila wote hao, ilikuwa ya nani?"

Somo, nimefundisha miaka kumi na tisa. Swali la namna hiyo sijalikuta katika karatasi yoyote ya mtihani.

Tena ni kwa Luba huyo huyo alikouawa Askofu Hannington mwaka 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Hilo kila mtoto analijua, kwa sababu askofu ana mahujaji. Miaka kumi na miwili baadaye damu inamwagika pwani ile ile na sisi tunaipitia kwa mistari minne, haraka haraka tuwahi mkataba wa 1900 baina ya Buganda na Waingereza. Wakati mkataba wenyewe huuelewi vizuri kama hujui Waganda wakubwa walikuwa wamewafaa Waingereza kwa kiasi gani katika miaka ile ya 1890.

Basi tulipoitwa walimu kuutazama muhtasari, nikapendekeza: wiki tatu za Ulaya zikatwe, ngome ya Luba iingie kama kesi. Mwanafunzi awekewe mezani ripoti ya ofisa wa Kiingereza, simulizi ya Wanubi, simulizi ya Waganda, na akatafute mwenyewe ya Wasoga. Aamue, aandike sababu zake. Wengi walitikisa vichwa kwa kuafiki. Kisha mzee mmoja, msahihishaji wa siku nyingi, akavua miwani: "Mwalimu, na jibu sahihi ni lipi? Nitatoa alama kwa nini?"

Nilikasirika, lakini nilipofika nyumbani nikaona si swali la kijinga. Mwongozo wa kusahihishia ndio mtaala halisi. Ule unaochapwa na kufungwa kwa jalada ni mapambo. Ukiandika kwenye mwongozo "askari walikuwa waasi, alama moja", bibi wa yule msichana amekwisha kufeli kabla hajafungua mdomo. Nikarudi siku ya pili na pendekezo lingine: alama zitolewe kwa namna mtoto anavyoupima ushahidi. Nani anasema, alikuwa wapi, anataka nini. Wakasema watalifikiria. Wakaenda chai.

Sikuficha kwamba mimi mwenyewe nina upande. Babu yetu sisi wawili, wa Bombo kwa Wanubi, alikuwa na kovu na bunduki ya hadithi, na Kiswahili changu hiki kimetoka kambini, si msikitini wala shuleni. Huenda ndiyo maana yule mzee alinitazama vile.

Sasa nina ombi. Yule mzee wa hapo Arua, jirani yako anayeimba nyimbo za askari kwa Kinubi, mwombe akusimulie ya Luba, umrekodi kwenye simu, bila kumkatiza na bila kumsahihisha tarehe. Nataka darasa lisikie sauti, si noti zangu. Kikao kinarudi mwezi ujao na safari hii sitaki kwenda mikono mitupu.

Kopo nalirudisha kwa kijana wa basi, limeoshwa. Ukipenda lijaze.

Ni mimi, somo yako wa Jinja