Kufuli likiganda usilipige jiwe

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wapangaji na wenye nyumba wa huku Mombasa, manake sisi mafundi wa kuchomelea tunaitwa kufungua kufuli lililoganda na tukifika tunakuta limeshapigwa mawe mpaka tundu la ufunguo limezibika kabisa. Hewa ya chumvi ya huku kwetu haina huruma. Shaba yenyewe haishiki kutu lakini ule upinde ni chuma, unashika pale pale unapoingia tumboni mwa kufuli.

Kama ufunguo uko, tia mafuta ya taa kidogo kwenye tundu na kwenye mashimo ya upinde, liache lilowe, halafu gonga ubavuni polepole na mpini wa nyundo huku unavuta. Ufunguo usiulazimishe, ukikatikia ndani kazi imekua mbili. Mafuta ya kupikia usitie jamani, yanashikana na vumbi na baada ya muda inakua gundi.

Ufunguo ukipotea, angalia upinde kwanza. Kama umeandikwa HARDENED, yaani chuma kilichokomazwa, wacha msumeno, utateleza tu na utamaliza bure meno yake. Kata kile kipande cha bati kinachoshika kufuli mlangoni, hicho ni chuma laini na kuchomelea kingine ni bei rahisi kuliko kuharibu geti zima. Ama toboa kwa drili kwenye tundu la ufunguo, shaba ni laini, vile vipini vya ndani vinavyozuia lisizunguke vikisagika unazungusha na bisibisi. Kufuli la namba tatu halitaki hata kukatwa, kutoka 000 mpaka 999 ni namba 1,000 tu, kaa chini ujaribu moja moja huku umevuta upinde. Na ukitumia grainda, mtungi wa gesi utolewe nje na usikate mahali ulipomwaga mafuta ya taa sasa hivi, zile cheche zinaruka mbali.

Lakini kinachoniuma hasa ni haya mageti ya grili yanayofungwa kufuli usiku watu wakiwa ndani. Machi 2001 kule shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini, mlango mmoja ulikua umefungwa na madirisha yana vyuma. Sasa kwenye plot zetu geti ni moja, ufunguo anao keyateka peke yake na pengine usiku hata halali hapo, kufuli lenyewe limeganda linafunguka kwa kubembelezwa, moto ukitokea kwa jirani hawa watoto watapitia wapi?

Wenye nyumba, kila mpangaji apewe ufunguo wake, kuchonga si pesa nyingi. Na mkasi wa kukatia vyuma ukae ndani ya geti, mahali kila mtu anapajua, usifungiwe stoo.

Fundi wa kuchomelea,
Kisauni, Mombasa