Betri za minara ya simu huishia wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala usiokwisha hapa Mombasa kuhusu laini ipi ya simu inafaa kununuliwa. Barazani na ndani ya matatu, laini hupimwa kwa mambo mawili tu: bei ya bando na nguvu za mtandao. Sivibezi vigezo hivyo, kwa kuwa mchuuzi anayepokea oda zake kwa simu hawezi kuvumilia laini isiyoshika eti kwa sababu kampuni husika imepanda mikoko. Ninachosema ni kwamba pale ambapo laini mbili zinakaribiana kwa bei na kwa mtandao, tuwe na la kuuliza zaidi, na kwa mkazi wa mji huu swali la kwanza liwe hili: betri za minara zikichakaa hupelekwa wapi?

Mnara wa simu huhitaji betri za akiba ili usizimike umeme unapopotea, na kwa miaka mingi zilizotumika sana ni zile za madini ya risasi na asidi, ambazo ni za jamii moja na betri za magari. Sisi tunajua vizuri madhara ya betri hizo zinapoyeyushwa ovyo. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, walipata sumu ya risasi kutoka kwa kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu ubavuni mwa nyumba zao hadi kilipofungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Sidai kwamba betri zile zilitoka kwenye minara ya simu. Nasema tu kwamba yeyote anayetumia betri kwa wingi anapaswa kueleza safari yote ya kila betri, tangu inapong'olewa hadi inapoyeyushwa, na kwamba kujibu kuwa imeuziwa mkandarasi, au kuwa mnara wenyewe ni wa kukodi, ni kulikwepa swali.

Badala ya maelezo hayo, tunachopewa zaidi ni ahadi kuhusu hewa chafu. Safaricom, kwa mfano, imeahidi kufuta mchango wake wa gesi joto ifikapo mwaka 2050. Ahadi hiyo ni njema, ila ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya Kenya tayari hutokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo, kwa hiyo kampuni yoyote inayojisifu kwa usafi wa umeme huo inajisifu kwa kazi ya wengine. Kazi yake yenyewe ni kupunguza dizeli inayochomwa na jenereta za minara kule ambako umeme haujafika au hukatika mara kwa mara, na takwimu ninayoitaka mimi ni ya lita hizo.

Kuna pia simu zenyewe, ambazo siku hizi kampuni za mawasiliano huziuza kwa mkopo wa malipo ya kila siku, nasi tukashawishika kuitupa simu ambayo fundi wa Mwembe Tayari angeifufua kwa kubadilisha betri tu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika kutengenezea betri za simu, hutoka Kongo, na wachimbaji wadogo wa Kolwezi wanaoshuka mashimoni kuitafuta ni Waswahili wenzetu kwa lugha, ingawa hatuwakumbuki tunapobadilisha simu. Kuhusu mikopo ya simu na matumizi ya taarifa zetu, ambazo zinalindwa na sheria ya mwaka 2019, nitaandika siku nyingine.

Najua nitaambiwa kwamba asiyeridhika ahame. Tangu mwaka 2011 Mkenya anaweza kuhamia kampuni nyingine na nambari yake, lakini ni wachache waliofanya hivyo, na sababu mojawapo iko wazi: pesa zetu, michango ya chama na karo za watoto zimefungamana na M-Pesa ya Safaricom tangu ilipoanza mwaka 2007. Kwa wengi wetu uhuru wa kuchagua unaishia kwenye laini ya pili ya kununulia bando, na kampuni haiwezi kushtuka kwa kupoteza bando la mtu ambaye bado anaweka fedha zake kwake.

Ndiyo maana naona mzigo huu usiachiwe mnunuzi peke yake. Mamlaka ya Mawasiliano hutoa takwimu za sekta kila robo mwaka, zikionyesha wateja wa kila kampuni. Naiomba iongeze mambo mawili katika ripoti hizo, kwa kila kampuni na kwa kila kaunti: lita za dizeli zilizochomwa minarani, na idadi ya betri zilizoondolewa pamoja na jina la kiwanda chenye leseni kilichozipokea.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa