Nilikuwepo: barua kwa mwanangu

Mwanangu Furaha,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, ila goti limeanza tena na habari ya daktari hataki kuisikia. Mdogo wako amerefuka, suruali za mwaka jana zimegeuka kaptula.

Jumapili ulipopiga simu uliniuliza swali, nikalikwepa. Ulisema, "Baba, miaka yote niliyosoma Grand Forks, mbona hukuja kwenye mechi ya magongo ya barafuni hata moja?" Nikakujibu habari ya zamu za usiku, tukahamia kwenye bei ya nyama. Basi jana nilikuwa nasafisha gari, maana kuna mtu wa kanisani anataka kulinunua. Kwenye kidroo cha mbele, chini ya karatasi za bima, nikakuta barakoa yako ya kijani, ile ya rangi za chuo. Mpira wa upande mmoja ulikatika, ukaufunga fundo. Nilikaa nayo mkononi mpaka mama yako akaja kuuliza kama nimelala humo ndani.

Nimeona niandike. Kwenye simu utanikatiza.

Unajua mchezo huo sikuupenda. Tulifika hapa Fargo, jimbo la North Dakota, Novemba 2015 tukitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kwangu mimi mpira ulikuwa ule wa kambini, mifuko ya plastiki imeviringishwa ikafungwa kamba. Mara ya kwanza kuona mpira wa magongo wa barafuni ilikuwa kwenye televisheni ya jirani. Nikadhani ni ngumi, na yale magongo ni ya kuamulia ugomvi. Kile kisahani cheusi wanachokigombania sikukiona kabisa. Nilikuwa nasubiri watu wapige kelele ndipo nijue goli limeingia.

Wewe ulikiona siku hiyohiyo. Halafu ikaja Februari 2018, fainali ya wanawake ya Olimpiki kule Pyeongchang, Marekani na Kanada. Ulitukesha nyumba nzima. Wale pacha wa Grand Forks waliochezea Marekani, Monique akasawazisha, na zilipofika penalti Jocelyne akampita kipa wa Kanada kama anampita mtoto. Wakachukua dhahabu. Uliruka mpaka jirani wa chini akagonga dari lake kwa ufagio. Kesho yake ukatangaza kwamba utasoma University of North Dakota hukohuko Grand Forks, chuo walichochezea wale pacha. Nikakukumbusha kwamba chuo hichohicho kilikuwa kimeifuta timu yake ya wanawake mwaka 2017, kwa sababu ya fedha. Ukasema unajua, na utakwenda hivyohivyo. Ukaidi huo umeurithi kwa mama yako.

Machi 2020 ulinipigia simu unalia. Timu yenu ya wanaume, uliyokuwa unaishangilia, ilikuwa imeshinda mechi 26, imepoteza 5, sare 4, na kila mtu huko anasema kombe ni lenu. Tarehe 12 mashindano yote ya taifa yakafutwa. Nami nikakujibu, "Watu wanakufa, wewe unalilia mchezo?" Neno hilo nalikumbuka vizuri, na najua nawe unalikumbuka, kwa sababu mwezi mzima baada ya hapo ulikuwa unazungumza na mama yako tu.

Si kwamba nilikuwa sina moyo. Mei 2015 wewe ulikuwa shuleni kambini, mimi nilikuwa na wale waliopokea wakimbizi wa Burundi. Walikuwa wamejazana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, meli ya Liemba ikawaleta Kigoma, na kipindupindu kikaja pamoja nao. Nilibeba watu. Tangu hapo nikiona watu wamesongamana naanza kutafuta ndoo ya maji ya klorini iko wapi. Ndiyo maana vuli ile ulipoanza kuniambia kwamba msimu utachezwa, na labda watu wataruhusiwa kuingia, nilipandisha sauti.

Sasa nifike kwenye lile nililoficha.

Novemba 2020 jimbo letu lilikuwa limeelemewa. Wafanyakazi wa afya hawatoshi, wengi wanaumwa. Gavana akatoa ruhusa: mhudumu aliyepimwa akakutwa na korona, kama hana dalili, aweze kuendelea kufanya kazi kwenye wodi za wenye korona. Siku chache baadaye amri ya kuvaa barakoa nayo ikaja. Kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi tulipimwa, mimi nikakutwa nao. Sikukohoa hata mara moja. Msimamizi akaniuliza kama niko tayari kuingia zamu upande wa wagonjwa. Kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa na mama yako hoteli ilikuwa imemsimamisha kazi. Nikasema niko tayari.

Wiki ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani, ulitaka kuja nyumbani. Nikakuzuia. Nikakuambia, "Ninyi wanafunzi mnazunguka huko viwanjani na kwenye mabweni, mtatuletea ugonjwa." Ugonjwa ulikuwa kwangu, mama. Nilikuwa nalala chini kwenye chumba cha mashine ya kufulia, mama yako ananiwekea sahani kwenye ngazi. Nilimkataza asikwambie. Ukala sikukuu peke yako kwenye chumba cha bweni, ukiamini kwamba umefukuzwa kwa kosa lako.

Huko wodini kulikuwa na mzee mmoja, mkulima wa viazi sukari wa upande wa Minnesota. Jina lake nitalihifadhi. Timu yenu aliifuata tangu ujana. Desemba timu zote 8 za ligi yenu zilipelekwa Omaha, zikacheza ukumbi mmoja karibu mechi 40 kwa wiki tatu. Yule mzee aliziangalia zote, hata zisizomhusu. Nikimgeuza kitandani ananifundisha. Alinichorea uwanja juu ya kisanduku cha karatasi za kufutia mikono: mistari miwili ya buluu, mmoja mwekundu katikati. Akanieleza kuotea kwao: mshambuliaji asiutangulie ule mstari wa buluu kabla ya kisahani. Nikamwambia kwetu kuotea kunategemea beki amesimama wapi, hakuna mstari uliochorwa. Akasema basi kwenu mnagombana sana. Nikamwambia tunagombana sana.

Watoto wake walimuaga kwa kupitia dirishani, wamesimama kwenye theluji. Usiku alioondoka duniani, mechi ilikuwa inaendelea kwenye televisheni ya ukutani. Akaniuliza nani anaongoza. Nikamwambia sisi. Sikuwa nimeangalia.

Januari mkarudi Grand Forks na uwanja wenu ukafunguliwa kidogo. Ulinipa hesabu zote: viti viko zaidi ya 11,000, wanaingiza sehemu ndogo tu, makundi yamekaa mbalimbali, barakoa lazima. Nikakujibu kwamba korona haihesabu viti. Ukasema, "Baba, wewe unaingia kila usiku kwenye nyumba ya wagonjwa." Nikakujibu mimi nafuata ugali. Ulinyamaza. Nami nilijua kwamba kama ungeuliza swali moja zaidi ningeumbuka. Hukuuliza. Ukaenda kwenye mechi, na mimi nikawa namuuliza mama yako kwa chinichini: wameshinda?

Mwishoni mwa Machi mechi za mchujo wa taifa zikachezwa hapa Fargo. Ukaja nyumbani wikiendi ile na tiketi moja uliyopewa na mwenzako. Mimi nilikuwa nimeshapata chanjo zote mbili, kazini kwetu walianza na sisi. Wewe bado, jimbo liliwafungulia wote wa miaka 16 na kuendelea Jumatatu iliyofuata. Mama yako akaniangalia tu. Nikachukua ufunguo. Nilikuambia nitakushusha, nitarudi kukufuata baada ya saa mbili na nusu.

Mwanangu, sikurudi nyumbani. Niliegesha upande wa mbali wa uwanja, karibu na rundo la theluji chafu, nikafungua redio. Nilikuwa na chupa ya chai na chapati mbili. Nilijiambia nasikiliza kipindi cha kwanza tu.

Habari ya timu ya chuo cha Michigan niliisikia jana yake. Walikuwa wapambane na chuo cha Minnesota Duluth, saa chache kabla ya mechi wakakutwa na korona, wakarudishwa kwao bila kugusa barafu. Kwa hiyo Duluth walikuja kwenu na miguu mipya, ninyi mkiwa mmecheza Ijumaa usiku. Nikasema moyoni, hawa watatumaliza. Angalia, nilishaanza kusema "sisi".

Wakatufunga mbili. Dakika zikaisha zikabaki mbili za mwisho, nikawasha gari nisogee mlangoni. Mkamtoa kipa ili mwongeze mshambuliaji, mkaingiza la kwanza. Nikazima gari. Mkaingiza la pili! Kelele zenu nilizisikia mara mbili, kwenye redio na kupitia ukutani, zimepishana kidogo kama mwangwi wa mlimani. Mama yako akapiga simu. "Mmefika wapi?" Nikamwambia muda wa nyongeza.

Kwenye nyongeza ya kwanza Duluth wakafunga. Mtangazaji akasema yamekwisha, maana kwenye nyongeza goli la kwanza ndilo linalomaliza mechi. Niliinamisha kichwa juu ya usukani. Halafu akasema subiri, waamuzi wanaangalia marudio, huenda kuna kuotea. Nikauona ule mstari wa buluu juu ya kisanduku cha karatasi. Nikasema kwa sauti, peke yangu, kwa Kiswahili, "Ameutangulia mstari!" Goli likafutwa. Nilipiga usukani hadi honi ikalia. Gari la tatu kutoka kwangu dirisha likashuka, mzungu mmoja mwenye kofia ya kijani akachungulia. Kumbe naye anasubiri mtoto wake, na naye ana redio. Akaninyooshea kidole gumba.

Basi tukawa wawili. Kila mapumziko tunashusha vioo, tumevaa barakoa, tunapigiana kelele juu ya bonde la magari mawili matupu. Nyongeza ya pili. Ya tatu. Chapati ya pili nikampelekea, nikaiweka juu ya paa la gari lake, nikarudi nyuma hatua zangu kama tulivyofundishwa. Aliila yote. Mama yako akapiga tena: "Bado?" Nikamwambia bado. "Watu hao hawana kwao?" Ya nne, kipa wa Duluth akabanwa na misuli akatolewa, akaingia mwingine ambaye alikuwa amekaa usiku kucha. Mafuta yalikuwa yamefika kwenye taa nyekundu, nikawa nawasha dakika tano, nazima kumi. Miguu siisikii.

Nyongeza ya tano, dakika mbili tu, kijana wa Duluth wa mwaka wa kwanza, Luke Mylymok, akafunga. Dakika 142 na sekunde 13. Wakasema hakujawahi kuchezwa mechi ndefu kuliko hiyo katika mashindano hayo ya vyuo. Tulikuwa tumeshaingia Jumapili. Yule mwenye kofia ya kijani aliinua mkono, akapandisha kioo, tukaachana hivyo.

Mlitoka kimyakimya, umati mdogo, kila mtu na mvuke wake. Nilikuona unakuja na barakoa hiyo imelowa na imeganda pembeni, mpira ukiwa umekatika umeushika kwa kidole. Nikalaza kiti haraka nikafumba macho. Ulifungua mlango ukasema, "Baba, ulilala?" Nikasema nililala. Ukafunga lile fundo njiani, ukaitupa humo kwenye kidroo, hukusema neno mpaka nyumbani. Na mimi, niliyekuwa na mengi ya kusema kuhusu yule kipa na kuhusu kuotea, nikakaa kimya nikiangalia taa ya mafuta.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hilo. Nilikuja kwenye mechi moja, ila sikuingia ndani.

Duluth nao hawakufika mbali, waling'olewa kule Pittsburgh na chuo cha Massachusetts, ambao kipa wao mkuu alizuiliwa mechi ile kwa taratibu za korona. Alirudi kwenye fainali, chuo cha St. Cloud State hawakupata hata goli moja. 5-0. Niliangalia zote mbili, mlango umefungwa, sauti chini. Mama yako alidhani naangalia habari.

Barakoa nitakutumia pamoja na dagaa ulioagiza, nimeiosha. Habari ya Novemba ile ukitaka kunigombeza nigombeze, lakini piga asubuhi, mchana nitakuwa nimelala. Na ukija Oktoba msimu ukianza, kata tiketi mbili, yangu nitalipa mwenyewe. Usinichagulie kiti cha karibu na kioo. Mama yako anasema yeye hatoki kwenye baridi kwenda kukaa kwenye baridi nyingine.

Baba yako