Mitambo ya gesi isizimwe ikasahaulika

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Tangu Bwawa la Julius Nyerere likamilishe mashine zake 9 mwaka 2025, kila moja megawati 235 na jumla megawati 2,115, imekuwa kawaida kusikia kwamba mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo haina kazi tena, izimwe na gesi iokolewe. Nusu ya kauli hiyo tunaiunga mkono. Kuchoma gesi wakati bwawa limefurika na maji yanamwagwa bure ni hasara tupu. Hofu yetu iko kwenye nusu ya pili, ile ya kuzima, kufunga mlango na kumwachia mlinzi funguo.

Mtambo wa gesi uliozimwa unaendelea kuzeeka, na usipotunzwa unaweza kuharibika upesi kuliko ule unaofanya kazi. Adui wa kwanza ni unyevu. Alfajiri hewa ya Dar es Salaam mara nyingi huwa na unyevu unaopita asilimia 80, wakati chuma huanza kushika kutu kwa kasi kuanzia asilimia 60 hivi. Ndani ya kompresa, sehemu inayovuta na kukandamiza hewa, kuna safu nyingi za mapanga yenye kingo nyembamba. Chumvi ya baharini hutua juu ya mapanga hayo, umande unailowesha, na baada ya wiki chache vinachimbika vishimo vidogo kama ncha ya sindano. Aliyesimama na tochi kwenye mlango wa hewa havioni. Lazima apenyeze kamera nyembamba hadi safu za ndani. Siku mashine inaporudishwa kwenye maelfu ya mizunguko kwa dakika, ufa huanzia kwenye kishimo kimojawapo, na panga moja la mbele likikatika hubomoa yote yaliyo nyuma yake.

Kinga yake inajulikana na si ghali. Mlango wa hewa na dohani vizibwe, mashine ya kukausha hewa ipulize ndani muda wote ili unyevu usivuke asilimia 50, na kipimo kisomwe na kuandikwa kila zamu. Vipasha joto vya jenereta vibaki vimewashwa, koili zisinyonye maji. Halafu kila mwezi vihami vyake, yaani vizuizi vya umeme kuvuja, vipimwe kwa kifaa kiitwacho mega na matokeo yalinganishwe na ya mwezi uliopita, kwa sababu kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi.

Kinyerezi II ina kazi ya ziada. Kituo hicho cha megawati 240 kina mashine 6 za gesi, na joto la moshi wake huchemsha maji yanayoendesha mashine 2 za mvuke. Mabomba ya boila yakiachwa na maji nusu na hewa nusu, oksijeni huyala kutoka ndani. Kwa hiyo ama boila imwagwe maji ikiwa bado ya moto ili ijikaushe, ama ijazwe maji yaliyotiwa dawa na nafasi ya juu ifunikwe kwa naitrojeni. Njia ya katikati haipo.

Hata namna ya kuzima ina adabu zake. Katika mashine nzito, rotori, yaani mhimili unaozunguka, ikisimama ingali ya moto, upande wa juu hubaki na joto kuliko wa chini, nayo huinama. Ndiyo maana kuna mota ndogo inayoizungusha polepole kwa saa 24 au zaidi, huku mafuta ya kulainisha yakiendelea kupita kwenye beringi. Umeme ukikatika kituoni katika saa hizo, pampu ya dharura hutegemea betri. Betri ambazo hazikupimwa kwa mwaka mzima hufia hapo, na beringi huungua. Upindaji wa unene wa unywele unatosha kuleta mtikisiko utakaoizuia mashine kufika kasi yake. Zile zilizotokana na injini za ndege, kama za Kinyerezi I, zina sharti jingine: zikitripu, yaani zikijizima ghafla, zikiwa na moto na zisizungushwe tena ndani ya dakika chache, huachwa zipoe kwa muda wa saa 4 hivi kabla ya kuwashwa. Gridi inayohitaji umeme sasa hivi haiwezi kungoja saa 4.

Kwa nini tung'ang'anie mitambo hii wakati maji yapo? Mashine moja ya bwawa ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme unaohitajika nchini saa za kilele. Ikitoka ghafla, masafa ya gridi, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, huanza kushuka chini ya hezi 50 ndani ya sekunde hizo hizo. Mashine nyingine zikiwa na nafasi ya kuongeza, hushika. Zisipokuwa nayo, vifaa vya kinga huanza kukata mikoa, na visipowahi gridi nzima inaanguka. Hitilafu ya gridi ya Aprili 2024 ilituonyesha hali hiyo ilivyo. Tena umeme wa bwawa hilo la Rufiji hupita njia ya msongo wa kilovolti 400 yenye urefu wa kilomita 160 hadi Chalinze ndipo usambae. Kinyerezi na Ubungo viko Dar es Salaam penyewe, palipo na mzigo mkubwa kuliko wote, na jenereta zake husaidia kushikilia volti mahali ambapo viwanda na majokofu vinauhisi upungufu kwanza. Injini za aina ya ndege zinaweza kutoka baridi hadi mzigo kamili kwa dakika 10 hivi. Mashine ya mvuke iliyopoa huhitaji saa kadhaa, na isiwekwe kwenye hesabu ya dharura.

Halafu kuna ukame. Mabwawa ya Kidatu na Mtera yalishatufundisha mwaka 2006 na 2011, tulipokodi mitambo ya dharura kwa bei kubwa. Mwaka 2024 Zambia, ambayo zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake hutokana na maji, ilikaa gizani sehemu kubwa ya siku kwa sababu maji ya bwawa la Kariba yalipungua mno. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtambo wa gesi hudhoofika majira yale yale tunapouhitaji. Megawati zilizoandikwa kwenye kibao chake zilipimwa kwa hewa ya nyuzi 15. Kwenye joto la nyuzi 32 hewa ni nyepesi, na mashine inaweza kupoteza asilimia 10 hadi 15. Kituo cha megawati 150 mchana wa Februari tukihesabie 130.

Uchafu nao hupunguza. Mashine ya megawati 40 huvuta hewa zaidi ya kilo 100 kila sekunde. Vumbi la gramu moja kwa kila tani ya hewa ni kilo 8 na ushei kwa siku. Vichujio vikiziba, kila milimita 100 za maji za ziada kwenye kipimo cha mgandamizo, kinachoonyesha hewa inavyopita kwa shida, hula kama asilimia 1.5 ya nguvu. Kompresa ikioshwa kwa maji safi na sabuni yake, maji ya kwanza hutoka meusi kama ya sufuria ya kuni, na megawati zilizopotea hurudi jioni ile ile.

Kuhusu gesi, hesabu ni hii: kufua megawati 100 kwa mashine zisizo na mvuke, zenye ufanisi wa asilimia 35, huhitaji futi za ujazo milioni 23 hivi kwa siku. Zenye mvuke, zikifika asilimia 50, hutosheka na milioni 16. Kwa hiyo mwaka wa ukame itangulie Kinyerezi II, na zile za kuwaka upesi zibaki akiba.

Tunachoomba kwa wenye dhamana ni ratiba ya kila mashine kuwashwa walau mara moja kwa mwezi na kupandishwa hadi mzigo kamili kwa saa 2, maana kuwasha na kuzima palepale huchosha vyuma bila kuonyesha ubovu. Vipuri vya sehemu ya moto viagizwe mapema. Mashine za aina ya ndege kwa kawaida hufunguliwa kila saa 25,000, na oda za nje huchukua miezi. Mafundi wa zamu wasitawanywe kwenye vituo vingine. Na kila mwezi itangazwe mashine ipi iliwashwa, ilifikisha megawati ngapi, na ipi ilikataa, tuanze kuyaona majibu hayo kabla ya mvua za vuli.

Wenu,
Mafundi wa mitambo ya gesi,
Dar es Salaam