Ile sauti uliyonitumia

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu Salimu,

Asalaam aleikum. Mie mzima, ila goti ndilo linanisumbua mvua zikikaribia. Ile sauti uliyoirusha juzi kwenye grupu la familia nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa napeta mchele, mara ya pili nikauweka ungo chini, mara ya tatu nikavaa miwani, utadhani miwani inasaidia masikio. Mwanamke anayeongea kama anataka kulia anasema ana ndugu yake daktari kwenye hospitali kubwa, na huyo daktari kamnong'oneza kwamba chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi wanayochomwa wasichana mashuleni ni ya kufunga kizazi. "Wenye mabinti amkeni, sambazeni kabla hawajaifuta." Chini yake ukaandika: "Mama, Zuhura hachomwi."

Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu utanikatisha, nami nitapandisha sauti, tutaishia kuulizana bei ya mkaa. Barua hii nampa kijana wa jirani anayekuja Dar kesho, uisome ukiwa peke yako.

Sijakasirika. Baba anayeogopa binti yake asije akakosa watoto anampenda binti yake, na ni mapenzi hayo hayo yaliyoibeba ile sauti kutoka simu hadi simu. Na mie sina uso wa kukucheka, kama utakavyoona.

Nyie mmekua mumiani wameshapungua makali. Nilipokuwa na miaka saba au minane, magharibi ikikaribia hakuna mtoto aliyebaki nje. Tuliambiwa wapo watu wanakamata wenzao, wanawaning'iniza miguu juu, wanawakamua damu ikauzwe dawa, na gari lao ni lile jekundu la zimamoto. Jioni moja mie na shangazi yako tunatoka chuoni, gari jekundu likasimama mbele yetu. Tulikimbia hata sijui tulipita wapi. Ndala yangu ya mguu wa kushoto ikabaki barabarani, na ikakaa pale pale siku mbili, hakuna aliyethubutu kuiokota. Siku ya tatu mama akanipeleka kwa fundi cherehani kupimwa sare. Nikamsikia fundi anamsimulia mteja: mtoto kachukuliwa juzi, kimebaki kiatu tu. Salimu, mtoto mwenyewe ni mie, nimesimama pale na utepe wa kupimia kiunoni! Na unajua nilifanya nini? Sikusema "ni mimi." Niliogopa zaidi. Nilidhani kuna mtoto mwingine, na ndala nyingine.

Nimeishi na ile ndala miaka sitini. Fundi hakuwa mwongo. Barabarani palikuwa na kiatu kweli, na woga ulikuwapo tayari. Yeye alishona viwili hivyo vikawa nguo moja.

Tena kitu chenyewe kilikuwa na asili. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939 inaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi kama ulimbo, inasemekana inatoka Uajemi, watu wanaitumia kwa mifupa iliyovunjika. Halafu inaongeza kuwa wengi wanaamini ni damu ya watu iliyogandishwa, na uvumi ukianza mji mzima hautoki nje baada ya jua kuzama. Hadithi hiyo ilizagaa Nairobi, Kampala, hadi Kongo. Mwaka 1959, pale Buguruni unapopita kila siku kwenda kazini, hofu ya mumiani ilizua fujo baina ya wakazi na polisi, na damu ya watu ikamwagika kweli. Wazungu waliandika kuwa ni ujinga wa wenyeji. Lakini babu yako alikuwa manamba kwenye mkonge. Alinisimulia jinsi daktari wa mkoloni alivyokuja kambini, akawapanga mstari, akawatoboa vidole, akaondoka na damu yao kwenye vipande vya vioo. Hakuna aliyeambiwa ya nini, wala aliyeletewa majibu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna watu wanachukua damu yake wakatajirike nayo, atakubishia kwa lipi? Jasho lake walikuwa wanalichukua mchana kweupe.

Na usidhani kufowadi kumeanza na simu. Mwaka 1908, enzi za Mjerumani, ilizuka barua Lindi iliyosemekana imetoka kwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina. Kaota ndoto, Kiyama kimekaribia, kila atakayeisoma aieneze. Ikanakiliwa kwa mkono, ikapita bandari kwa bandari, Wajerumani wakaingiwa na hofu wakidhani ni maasi mengine baada ya Majimaji. Barua ile haikufa. Mie nilikabidhiwa nikiwa darasa la saba, mlango wa madrasa, na mtu nisiyemjua: aliyenakili kapata mali, aliyeipuuza kafiwa na mwanawe. Nilikaa usiku na kibatari nikaandika nakala kumi, mkono ukafa ganzi. Sikuwa na hakika kuwa ni kweli. Nilijisemea tu, je ikiwa kweli? Wino ni senti chache, na mama yangu nilikuwa naye mmoja. Huyo mwanamke wako wa kwenye simu ni mjukuu wa Sheikh Ahmad yule yule. Yeye hata kibatari hahitaji.

Mwaka 2020 nilirudia. Nilipokea ule ujumbe wa kunywa maji ya moto kila baada ya robo saa ili korona isishuke mapafuni, mie muuguzi mstaafu, miaka zaidi ya thelathini kazini, nikawatumia watu wote kwenye simu yangu. Nilijua kirusi hakisafishwi kooni kama ugali. Lakini mlikuwa mbali, sikuwa na kitu kingine cha kuwapa. Hilo nakuomba usiwaambie wadogo zako.

Sasa nikueleze ya kazini, maana huyo mwanamke simulizi yake si mpya. Miaka ya tisini katikati, nikiwa kwenye zahanati, tulikuwa tunachoma wanawake sindano ya pepopunda. Asubuhi moja nafika, benchi tupu. Tulizoea kina mama thelathini, arobaini. Siku ile walikuja wawili, na mmoja kaja kuomba dawa ya macho. Habari ilikuwa imepita sokoni kwamba sindano ina dawa ya kuzuia mimba. Uvumi huo huo wakati ule ulikuwa umeshika Mexico na Ufilipino. Nilijua kwa nini tunachoma. Mtoto wa pepopunda anazaliwa mzima, ananyonya siku mbili tatu, kisha taya linakaza. Namkumbuka mmoja, kitovu kilikatwa kwa wembe uliokwishatumika. Mama yake alikuwa anakamulia maziwa kwenye kijiko na yanamwagika pembeni mwa mdomo, mdomo haufunguki. Mtu akifungua mlango mwanga ukaingia, kile kichanga kinajipinda kama upinde. Tukaning'iniza khanga dirishani ili pawe giza. Hakufika Ijumaa. Na mwezi uliofuata mama yake mdogo, mjamzito, akakataa sindano mbele yangu. Mbele yangu, Salimu, na ile maiti kaiosha yeye.

Nilimwona mpumbavu, na nilimwambia. Nadhani ndilo kosa kubwa nililofanya kazini.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua uvumi ule ulikuwa na ndala yake. Huko Delhi, India, wanasayansi wakiongozwa na Talwar walikuwa kweli wanatafuta chanjo ya kuzuia mimba. Waliichukua homoni ya ujauzito iitwayo hCG wakaiunganisha na sumu ya pepopunda iliyokwisha kufishwa makali, ili mwili uione kama adui. Mwaka 1994 walichapisha matokeo ya majaribio yao. Sindano yetu haikuwa hiyo. Hata hiyo ya kwao ilihitaji kurudiwa rudiwa, na nguvu yake ikiisha mwanamke anashika mimba kama kawaida. Lakini mtu akikuonyesha karatasi imeandikwa pepopunda, imeandikwa kuzuia mimba, mwaka ule ule, utamwambia nini wewe wa sokoni? Mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki Kenya wakaliibua tena, wakisema chanjo ya pepopunda imepimwa na homoni imeonekana. Shirika la Afya Duniani likajibu kuwa vipimo vilivyotumika ni vya kupima damu na mkojo wa binadamu, si vya kupima chanjo. Jibu hilo ni la kweli, ila ni baridi, na lilifika watu wakiwa wameshalala.

Mie jibu langu ni sensa. Mwaka 1988 tulikuwa milioni 23. Mwaka 2022 tumefika zaidi ya milioni 61. Kama kuna waliotaka kutufunga vizazi kwa sindano ile, basi hao watu hawajui kazi.

Utasema, mama, ina maana madaktari na serikali hawajapata kufanya ubaya? Wamefanya. Namibia, wanawake wenye virusi vya Ukimwi walipofika kujifungua walifungwa vizazi bila ridhaa yao halisi. Watatu walikwenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikathibitisha. Pakistan, Wamarekani walipokuwa wanamtafuta Osama bin Laden walimtumia daktari aendeshe chanjo ya homa ya ini pale Abbottabad, lengo wapate damu ya watoto wa ile nyumba. Hilo lilipojulikana mwaka 2011, wachanjaji wa polio ndio walioliona joto lake. Walipigwa risasi, wengi wao mabinti wa kutembeza matone, wasiojua lolote. Kwa hiyo sikuambii uamini kila mwenye koti jeupe. Nakuambia uone haya mawili yamekujaje kwetu. Yana mahali, yana mwaka, na lile la Namibia lina wanawake waliosimama wakasema "ni mimi nilifanyiwa." Sauti yako ina ndugu wa daktari.

Nikaamua kumtafuta huyo ndugu. Si unajua mie nikishika jambo? Wewe uliipata kwa Hamadi. Hamadi nikampigia, kaipata kwa shemeji yake Morogoro. Shemeji mtu mwema, akaniambia ilitupwa kwenye grupu la kamati ya harusi, katikati ya michango ya vitambaa na mbuzi. Aliyeitupa ni mhazini wa kamati, naye kaitoa kwenye grupu la wazazi wa shule, shule ambayo mtoto wake alishahama. Huko aliyeituma ameshatoka grupuni. Watu watatu, kila mmoja nilimuuliza: unamfahamu huyo daktari? Kila mmoja akanijibu, "Mie simfahamu, lakini aliyenitumia si mtu wa mzaha." Hata wewe ungenijibu hivyo. Na ile mishale miwili juu ya ujumbe ilikuwa inakuonyesha kuwa umepita mikono mingi kabla ya Hamadi, ila jina la Hamadi ndilo uliloliona.

Ngoja nikupe na yangu, unayemfahamu aliyekutumia. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote inaletwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho watu wengi hukipata na kikaondoka chenyewe. Kwa wachache hakiondoki, miaka kumi, ishirini, ndipo kinajionyesha. Chanjo inatakiwa itangulie kabla binti hajakutana nacho, ndiyo maana wanachanjwa wadogo, si kwa sababu kuna mtu anawavizia wadogo. Tanzania tulianza nchi nzima mwaka 2018, wa miaka 14, sindano mbili. Mwaka 2024 ikawa moja, kwa wa miaka 9 hadi 14, kwa kuwa ilionekana moja inatosha. Najua badiliko hilo nalo limezua maneno: mbona zilikuwa mbili? Uskochi, waliowachanja wakiwa na miaka 12 na 13, walipowafuatilia hawakukuta hata mmoja mwenye saratani hiyo. Mie niliowaona ni wa upande wa pili, waliofika zahanati wamejifunga khanga tatu ili harufu isitoke, tukawaandikia waende hospitali ya saratani ya Ocean Road huku tukijua wamechelewa. Wengine walikuwa na watoto saba. Kizazi kilikuwa wazi kabisa.

Kama hili la kwangu nalo hulisadiki, nenda kwa muuguzi wa hapo kwenu, muulize, umsikilize na usimrekodi. Usimtukane Hamadi. Na kwenye grupu usiandike kwamba mama kakukosoa. Andika tu kuwa umeuliza ukakuta hakuna aliyemwona huyo daktari.

Somo yangu Zuhura nilizungumza naye jana kwa simu ya mama yake. Nikamuuliza, mjukuu wangu, hiyo chanjo unaiogopea nini? Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Bibi, inauma?" Nikamwambia inauma kidogo, mkono unakuwa mzito siku moja.

Nakuja Alhamisi na basi la asubuhi. Kadi yake ya kliniki ipo kwenye bahasha ya kahawia juu ya kabati lenu, niliiweka mwenyewe mwaka jana, msiitafute kwingine. Nakuletea machungwa ya Muheza. Nisalimie mkamwana wangu.

Mama yako