Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: na karai nalo likaguliwe

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa viazi karai, upande wa Mwembe Tayari. Nakuandikia kwa sababu ya mafuta.

Mabwana afya wako hupita kwangu. Huuliza cheti, hutazama aproni, kucha na pipa la taka. Karai lenyewe hawalichungulii. Mafuta yakirudiwa mno huwa meusi kama kahawa chungu, povu hupanda lisishuke, na moshi huwasha macho mpaka machozi yakatoka. Kinachowasha ni akrolini, mojawapo ya kemikali ziitwazo aldehaidi, zinazozaliwa mafuta yakiungua. Nyingine, kama HNE, hubaki humohumo kwenye mafuta, kiazi kikazinywa. Na mafuta ya alizeti, tunayosifiwa kuwa ya afya, huzitoa kwa wingi kuliko ya mawese.

Mshipa wa damu kwa ndani umetandikwa seli safu moja tu. Seli hizo hutoa naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa damu ipite. Waliogundua kazi yake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Maabarani imeonekana kuwa aldehaidi hizi hunata kwenye protini za seli hizo. Gesi hupungua, chembe nyeupe za damu zikaanza kuganda ukutani mwa mshipa, na mshipa ukakosa ulaini wake.

Mwaka jana niliuziwa madumu mawili ya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa katika hoteli moja, kwa nusu bei. Niliyanunua, Mheshimiwa. Wateja wangu wengi ni watoto watokao madrasa, na nikikumbuka hilo moyo huniuma. Sijayanunua tena, lakini madumu bado yanazunguka.

Kipimo kipo. Ni kifaa cha mkononi chenye ncha inayotumbukizwa ndani ya mafuta ya moto, kikasoma papo hapo kiasi cha kompaundi za pola, yaani sehemu iliyoharibika. Ujerumani mwisho ni asilimia 24; India iliweka 25 mwaka 2018. Wapeni mabwana afya kifaa hicho, na mafuta machafu ya hoteli yaende kwa watengenezaji sabuni.

Tafadhali anzeni na hao wanaoyauza, kabla ya kutumwagia sisi makarai yetu. Kwangu njooni saa kumi na moja jioni, mafuta yakiwa motoni.