Kaa na kaka yako kabla hujaondoka

Mwanangu mpendwa,

Jana usiku tulipomaliza kuongea kwa simu nilikaa kitandani muda mrefu, usingizi haukuja. Si kwa sababu unaondoka. Kazi hiyo umeihangaikia, umeipata kwa jasho lako, na nimefurahi hadi nikashindwa kuzuia machozi. Kilichonikosesha usingizi ni lile neno lako la mwisho: "Sishuki hata hatua moja, mama." Zimebaki siku 19. Kaa na kaka yako kabla hujaondoka.

Ugomvi wenyewe siurudii. Wewe unataka nihamie kwako, yeye anataka nibaki hapa. Nyote mnanitakia mema, na ndiyo maana jambo limekuwa gumu, kwani anayeamini anatetea mema halegezi kamba kirahisi. Tena wewe umeshautangaza msimamo wako kwa shangazi, kwa wajomba, na kwenye kundi la familia. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Naogopa usije ukabaki juu kwa sababu tu watu wanakutazama.

Nilipokuwa nafundisha historia, kila mwaka nilisimama kwenye mazungumzo ya amani ya Camp David, kule Marekani, muda mrefu kuliko mtaala ulivyoniruhusu. Septemba 1978 Rais Jimmy Carter wa Marekani alikaa na Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israeli siku 13. Vikao vya mwanzo vya ana kwa ana vilikuwa vikali mno hata Carter akaona bora awatenganishe, akawa anabeba rasimu kwa huyu na kwa yule. Fundo kubwa lilikuwa Sinai, jangwa la Misri lililotekwa na Israeli mwaka 1967. Ukichora mstari katikati ya jangwa lile, wote wawili wangebaki na kinyongo. Lakini kila mmoja alikuwa na sababu yake. Misri ilitaka ardhi yake irudi chini ya bendera yake. Israeli ilihofia kuamka na kukuta vifaru mpakani. Basi ikakubaliwa ardhi irudi, na majeshi yawekewe mipaka humo ndani. Mkataba ukatiwa saini Machi 1979.

Jambo nililopenda zaidi kuwasimulia wanafunzi ni la siku ya mwisho, Begin alipokuwa karibu kufungasha. Carter alimpelekea picha alizozisaini kwa ajili ya wajukuu zake, kila picha na jina la mjukuu wake. Begin akayasoma majina yale moja baada ya jingine, sauti ikaanza kumkatika. Wakarudi kuzungumza.

Sasa nakuuliza wewe, hofu yako hasa ni nini? Nadhani ni usiku: nianguke, na asiwepo wa kusikia. Hofu ya kaka yako ni nyingine. Anaogopa nyumba aliyoijenga baba yenu ifungwe makufuli, nami ning'olewe mahali ninapojua kila ngazi hata gizani. Ziangalie vizuri hofu hizo mbili. Hazigombani. Kinachogombana ni majibu ambayo kila mmoja wenu ameshayakata.

Na lile la "miezi sita kwako, miezi sita hapa" lisirudi tena, hata likiitwa maridhiano. Kugawa nusu kwa nusu ni rahisi kwa anayegawa. Mimi ningekuwa mtu wa mabegi, sina kwangu popote, na hofu zenu zote mbili zingebaki palepale. Mfalme Suleimani alipoagiza upanga hakukusudia mtoto akatwe.

Sisemi ukubali kila kitu. Anayekuambia unyamaze ili pawe na amani anataka usalimu amri, na sikukulea hivyo. Tena yapo maafikiano mabaya. Kule Munich, Ujerumani, mwaka 1938, Uingereza na Ufaransa zilikubali Hitler achukue kipande cha Chekoslovakia, na wenye nchi hawakupewa kiti mezani. Haikupita miezi sita, akaingia Prague, mji mkuu wao. Nimekumbuka hilo kwa sababu nyinyi wawili mmezungumza habari zangu wiki tano sasa, na hakuna aliyeniita nikae kati yenu.

Ingawa hapo nami nina sehemu yangu. Wewe uliponiuliza, nilikuambia nitakuja. Jioni ile ile akapiga yeye, nikamwambia sitoki hapa. Sikutaka kumhuzunisha yeyote siku hiyo. Kwa hiyo unapomwita mwongo, kumbuka kwamba anatetea neno nililompa, kama wewe unavyotetea lako. Na kule kuteleza bafuni kulikuwa mara mbili, si moja. Kaka yako hajui. Mimi kumwambia nimeshindwa.

Najua unaweza. Wenzako wa kazini wameniambia wewe ndiye unayeitwa watu wakikosana, unawasikiliza hadi wanatoka wakiongea. Nilijivuna kusikia hivyo, na papo hapo nikaumia, kwa sababu kaka yako hajapata hata dakika kumi za ustadi huo. Mkikaa, usianze na nani alisema nini. Anza kwa kuieleza hoja yake kwa maneno yako, mpaka aseme, "Ndiyo, hicho ndicho nilichomaanisha." Hapo ndipo uweke yako. Na akikubali jambo moja, usilipokee kama ushindi.

Chumba cha nyuma kiko wazi. Anaweza kupatikana mtu mwaminifu wa kulala humo, tukajaribu miezi mitatu, kisha mkae tena. Silazimishi. Labda nyinyi mtaona kilicho bora zaidi. Nitakubali kuondoka hapa kama kweli itabidi, ila nikubali nikiwa nimeketi nanyi, si kwa kuletewa taarifa.

Taa ya korido imeungua tena na mimi kiti sipandi. Bomba la bafuni linadondoka, nimeliwekea ndoo. Dawa nakunywa kwa wakati, usiulize kila siku. Mlango wa mbele unakwama ukisukumwa taratibu, kwa hiyo ukija usukume kwa bega.

Vyeti vyako halisi utavihitaji huko uendako. Viko kwenye lile sanduku la bluu, ndani ya stoo. Ufunguo wa stoo anao kaka yako. Mpigie wewe mwenyewe, mimi sitampigia. Jumapili mchana nipo.

Mama yako